Namna ya Kuondoka: Darsa Kutoka Ufukwe wa Ziwa Mweru

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote, anayehuisha na kufisha. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Ahli zake, Maswahaba zake na kila aliyewafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Amma baad.



Darsa hii niliitoa baada ya swala ya Magharibi kwa ndugu wachache waliobaki chuoni wakati wa likizo fupi, na wahariri wakaniomba niiandike. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema. Nimeongeza tu tarakimu ambazo jioni ile sikuwa nazo mkononi.

Likizo ndefu iliyopita nilikwenda Nchelenge, Mkoa wa Luapula, kaskazini mwa Zambia. Mjomba wangu anaishi Kashikishi, mji wa soko ulioshikana na Nchelenge ufukweni mwa Ziwa Mweru. Kazi yake ni kununua chisense, samaki wadogo wanaofanana na dagaa wetu, na kuwasafirisha wakiwa wamekaushwa. Ng'ambo ya ziwa ni Kongo, na mji mmojawapo wa ng'ambo hiyo unaitwa Kilwa (si Kilwa ya Lindi, ingawa mara ya kwanza nilipolisikia jina hilo sokoni niligeuka nikidhani nimekutana na mtu wa kwetu). Kwa sababu ya biashara ya ziwa, na kwa sababu ya ndugu waliovuka mpaka kukimbia vita mpaka makazi ya wakimbizi ya Mantapala yakafunguliwa wilayani humo mwaka 2018, Kiswahili utakisikia pale kando ya Kibemba.

Siku ya tatu tangu nifike, Mjomba alichanwa mguu na bati la mtumbwi wakati wa kupakua. Jeraha lilikuwa la kina, chini kidogo ya goti. Akachomwa sindano ya pepopunda, na kwa kuwa nyumbani kuna mtu anayesomea udaktari, kazi ya kusafisha kidonda ikawa yangu kila siku baada ya Alfajiri. Siku za kwanza palikuwa na uvimbe, joto na ute mweupe. Baadaye ikaanza kuota nyama nyekundu kutoka chini, taratibu, ikipanda kuelekea kwenye ngozi. Asubuhi moja Mjomba aliitazama kwa muda mrefu, kisha akaniuliza: "Mwanangu, hii nyama nani anaiambia ijae? Na ikishajaa, nani ataiambia itosheke?"

Nilikuwa nimefaulu mtihani wa somo hilo. Lakini sikuwahi kuulizwa swali lenyewe namna hiyo, na jibu lake ndilo lililoniletea darsa hii: sehemu kubwa ya amri ya kujenga hutoka kwa seli zinazokufa.

Mwili wa mtu mzima hupoteza na kubadilisha seli nyingi mno kila siku. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2021 ni kiasi cha seli bilioni 330 kwa siku, nyingi zikiwa za damu. Yaani tangu uliposwali Alfajiri mpaka sasa, umeshapoteza seli zinazozidi watu wote wa dunia mara nyingi, na hukusikia maumivu yoyote. Hukusikia kwa sababu ya namna zinavyokufa. Mwaka 1972 wanasayansi 3 waliokuwa wakifanya kazi Aberdeen, Scotland, yaani Kerr, Wyllie na Currie, walieleza kwamba kuna kifo cha seli chenye utaratibu wake, wakakiita apoptosisi, neno la Kigiriki linaloashiria majani yanavyopukutika mtini. Seli iliyofikia wakati wake huwasha vimeng'enya vyake vinavyoitwa kaspasi. Hujikunja, hukata mambo yake ya ndani vipande vipande, na hujifunga katika vifurushi vidogo bila kumwaga kitu nje. Kabla ya kwisha hutoa ishara ya kuwaita wasafishaji, na hugeuza nje mafuta fulani ambayo kwa kawaida hukaa upande wa ndani wa utando wake, ili wasafishaji waitambue. Hao ni seli kubwa zinazoitwa makrofaji. Zinakuja, zinameza vifurushi, mahali panakuwa safi.

Ikiwa seli imekufa kwa kupasuka, mambo huwa mengine. Hiyo ni nekrosisi. Vilivyokuwa ndani vinamwagika juu ya majirani, mwili unapiga kelele za hatari, uvimbe unakuja, na seli zilizokuwa nzima nazo zinaumia. Si kwamba uvimbe ni adui daima. Jeraha la Mjomba lisingesafishika bila siku zile za joto na ute. Lakini lazima ufike mwisho, na kinachosaidia kuufikisha mwisho ni hiki: seli nyeupe zilizokimbilia kidondani kupambana na vijidudu zinakufa kwa utaratibu, makrofaji zinazimeza, na kwa kule kuzimeza tabia yao inabadilika. Zilizokuwa zikichochea vita zinaanza kutoa ishara za kutuliza na kujenga. Anayezika ndiye anayegeuka fundi.

Tena si kusafisha tu. Mwaka 2009 watafiti wa Geneva waliokuwa wakichunguza hidra, mnyama mdogo wa maji baridi ambaye ukimkata kichwa anaota kingine, walionyesha kwamba seli zinazokufa penye mkato hutoa protini inayoziamuru seli jirani zigawanyike. Walipozuia kifo kile, kichwa hakikuota. Mwaka uliofuata watafiti wa Marekani walionyesha kwa panya kwamba kaspasi hizo hizo, zile za kuua, husababisha seli inayokufa kutoa kemikali ya prostaglandini E2, na kemikali hiyo huamsha seli zilizo karibu zizaliane. Panya walionyimwa kaspasi hizo vidonda vya ngozi vilichelewa kupona, na ini lililokatwa halikukua tena kama inavyotakiwa.

Na Afrika Mashariki yetu ina ushahidi wake. Nchini Kenya kuna panya mwenye manyoya magumu kama miiba, ambaye akikamatwa huacha ngozi yake mkononi mwa adui na kukimbia. Mwaka 2012 ilichapishwa kazi iliyoonyesha kwamba ngozi ile huota upya pamoja na vinyweleo vyake, na tundu lililotobolewa sikioni huziba kabisa pamoja na gegedu. Sisi hapo tungebaki na kovu au tundu. Mwaka 2017 ikaonyeshwa kwamba ukimwondolea panya huyo makrofaji zake, sikio haliwezi kuota. Bila wazikaji hakuna ujenzi.

Likabaki swali la pili la Mjomba: nani ataiambia itosheke? Hapa nami nilinyamaza nikafikiri. Zile seli zilizoijaza nyama, zilizovuta kingo za kidonda zikaribiane, kazi ikiisha nyingi zao hufa kwa utaratibu ule ule. Zisipoondoka, zikaendelea kujenga pasipohitajika, ndipo linapotokea kovu nene, gumu, lililoinuka. Hakuna wa nje anayeiambia nyama itosheke. Inatosheka kwa sababu waliojenga wanakubali kuondoka.

Sasa, ndugu zangu, naomba tahadhari moja kabla sijaendelea. Sitaki mtu atoke hapa akisema Qur'ani ilitaja kaspasi miaka 1400 iliyopita. Katika Surat Al-An'am, aya ya 95, Allah (s.w.) ametuelekeza kwenye mbegu na kokwa inavyopasuka, na kwamba kutoa uhai katika mauti na mauti katika uhai ni kazi Yake. Katika Surat Fussilat, aya ya 53, ameahidi kutuonyesha ishara Zake katika upeo wa mbali na katika nafsi zetu. Hilo linatosha. Aya haihitaji cheti kutoka maabara, na maabara ikibadilisha maneno yake mwaka ujao imani yetu isitikisike. Tena seli haina nia wala thawabu. Sisi tuna vyote viwili, na ndiyo maana habari yake ikitupita hivi hivi tutakuwa na la kujibu.

Niendelee na Kashikishi. Katikati ya zile wiki za kidonda, rafiki yake Mjomba alifariki. Alikuwa mvuvi, Muislamu mwenzake, mtu mkarimu ambaye mimi mwenyewe nilikula kwake mara 2. Aliumwa siku chache tu. Alikuwa na mitumbwi 3, mashine moja na nyavu. Alikuwa na wake 2, mmoja upande huu na mmoja ng'ambo. Alidai watu na watu walimdai, na daftari la yote hayo lilikuwa kichwani mwake. Tukamswalia, tukamzika. Kabla ya siku 3 kwisha, nyavu zilikuwa zimechukuliwa usiku. Mtu mmoja akaja na ushahidi wa maneno kwamba mashine ni yake, ilikuwa ya kuazima. Ndugu wa mke mmoja wakawazuia watoto wa mke wa pili kuingia uani. Kijana wake mkubwa, ambaye alikuwa asome sekondari ya bweni, alikuwa gatini akiomba kazi ya kuvuta nyavu za watu.

Marehemu hakuwa mtu mbaya. Allah amrehemu. Lakini aliondoka kama seli inayopasuka: kila kilichokuwa ndani yake kilimwagikia majirani, na waliokuwa wazima wakaumia. Mjomba alikuwa akirudi kutoka msibani anakaa kimya, ananyoosha mguu wake nimfunge bandeji.

Watu wa Nchelenge wanaijua seli inayopasuka kuliko sisi, ingawa wengi hawaiiti hivyo. Wilaya ile ni miongoni mwa sehemu za Zambia zenye malaria nyingi zaidi, na watafiti wameifuatilia kwa miaka mingi. Chembe nyekundu ya damu, ikiachwa iishi umri wake, hukaa siku 120 hivi. Ikichakaa humezwa na makrofaji, hasa katika wengu na ini, na madini yake ya chuma hurudishwa kwenye uboho wa mifupa ili kujenga chembe mpya. Hakuna kinachopotea. Kimelea cha malaria kali kikiingia ndani ya chembe hiyo hukaa kiasi cha saa 48, kinajizidisha, kisha kinaipasua. Sumu na mabaki vinamwagika kwenye damu, homa inapanda, na chembe zinapungua, hata zile ambazo hazikuambukizwa. Uboho nao hudhoofishwa usiweze kujaza pengo haraka. Nilimwona mtoto wa jirani, wa miaka 2 hivi, viganja vyeupe kama karatasi, pumzi inakwenda mbio. Alipelekwa hospitali akaongezewa damu, na alhamdulillah nilipoondoka alikuwa akikimbiza kuku. Damu ile ilitoka kwa mtu ambaye mama yake hatamjua. Wenzangu wa jumuiya, gari la kuchangia damu likija chuoni mnapita pembeni mkisema mna kipindi. Mnamjua sasa anayeisubiri.

Mtume (s.a.w.), kama alivyopokea Abu Hurayra katika Sahih Muslim, ametufundisha kwamba mtu akifa amali zake hukatika ila katika mambo 3: sadaka inayoendelea, elimu inayonufaisha, na mtoto mwema anayemwombea. Hadithi hii tumeizoea mpaka tunaimaliza kabla msomaji hajaimaliza. Lakini tazama kilichobaki katika hayo 3: vyote ni vitu vinavyofanya kazi kwa walio hai. Hakuna kaburi zuri humo.

Ipo na sehemu ya kutisha, nami siwezi kuificha kwa kuwa ni ya kweli. Ile ishara ya kujenga inayotolewa na seli inayokufa haichagui. Mwaka 2011 watafiti walionyesha kwamba seli za saratani zinazouliwa na mionzi nazo hutoa prostaglandini ile ile, na zile chache zilizosalia huitumia kukua upya. Daktari anaua uvimbe, na uvimbe unakufa ukiusia uvimbe. Jarir bin Abdillah amepokea kwa Mtume (s.a.w.), katika Muslim pia, kwamba mwenye kuanzisha mwenendo mbaya anabeba dhambi yake na ya wanaoufuata baada yake. Nani alianzisha hapa chuoni kuuziana kazi za kuandika? Amehitimu, pengine ana familia na anaswali safu ya mbele. Lakini kundi la simu aliloliunda bado linafanya kazi, na wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanaingizwa humo kabla hawajaijua njia ya maktaba.

Na sisi viongozi wa jumuiya, tusijitoe. Kila mwaka nimeona kamati inayotoka ikikabidhi funguo na muhuri, basi. Orodha ya madeni ya kitabu cha harambee haipo. Namba ya sheikh aliyeahidi darsa za Ramadhani iko kwenye simu ya mtu aliyekwisha kwenda kwao. Mwaka mwingine ni kinyume: kiongozi amemaliza muda wake lakini haondoki, anapiga simu usiku kuuliza kwa nini mmebadilisha ratiba. Hilo ni lile kovu nene nililolitaja. Alijenga, Allah amlipe, lakini alitakiwa atosheke.

Turudi kwa Mjomba. Ilikuwa Ijumaa, kidonda kimebaki mstari mwembamba wa waridi. Akaniambia nilete daftari. Nilimsomea kwanza mambo niliyokuwa nimeyapitia usiku. Kwamba Ibn Umar amepokea kwa Mtume (s.a.w.), katika Bukhari na Muslim, kwamba Muislamu mwenye kitu cha kuusia hafai kulala usiku 2 bila wasia wake kuandikwa. Kwamba katika Surat An-Nisaa, aya ya 11 na 12, mirathi haigawiwi ila baada ya wasia na deni. Kwamba wasia kwa asiye mrithi hauvuki theluthi, na Mtume (s.a.w.) alimwambia Saad bin Abi Waqqas kuwa hata hiyo theluthi ni nyingi. Kwamba yuko maiti ambaye Mtume (s.a.w.) alisita kumswalia kwa sababu ya deni, mpaka Abu Qatada alipojitwisha kulilipa.

Kisha nikamweleza jambo la pale alipo. Zambia haina mahakama ya kadhi. Muislamu akifa bila wasia ulioandikwa, sheria ya nchi ya mwaka 1989 inagawa mali yake kwa mafungu yake yenyewe: nusu kwa watoto, asilimia 20 kwa mwenza aliyeachwa, 20 kwa wazazi, 10 kwa wategemezi. Si sheria ya dhuluma, ilitungwa kuwalinda wajane na watoto wasinyang'anywe kila kitu. Lakini si mafungu ya An-Nisaa. Anayetaka mali yake igawiwe kama Mola wake alivyopanga, nchi imempa njia ya kuandika wasia mbele ya mashahidi 2. Asipoandika, amechagua mwenyewe.

Ndugu zangu, mtaniambia sisi ni wanafunzi, tuna mali gani. Una mkopo. Una kompyuta iliyonunuliwa na baba mdogo kwa masharti ambayo ninyi 2 tu mnayajua. Una fedha za mwenzako za chumba, na nywila ya akaunti ya jumuiya. Una mtu uliyemsema vibaya na hajui. Mvuvi yule alikuwa na mitumbwi 3, lakini kilichowaumiza watoto wake ni yale yaliyokuwa kichwani mwake.

Tuliandika mpaka adhana ya Alasiri. Mjomba alitaja wadeni wake mmoja mmoja, akataja wanaomdai, akakumbuka godoro la mtu aliloazima wakati wa msiba wa bibi. Alipofika kwa rafiki yake marehemu akasimama kidogo. Akasema yule bwana alimwachia kwacha 600 za kununulia nyuzi za nyavu, wiki moja kabla ya kuumwa, na hakuna aliyejua ila wao. Mimi sikujua. Wale waliokuwa wakigombana uani hawakujua. Akaomba viatu, akajaribu mguu wake, akachukua fedha kabatini na kutoka kwenda kumtafuta yule kijana gatini kabla giza halijaingia.

Allah amrehemu marehemu yule, awafungulie watoto wake riziki, na awaponye wagonjwa wa Nchelenge na wa kila mahali. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.